Gari Iliyokataa Kuzima Mlangoni mwa Msikiti

SALMA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu. Leo tuliahidi mambo matatu ya giaboksi ya otomatiki: kupima oili, kurekebisha waya wa gia, na kuijaribu gari mlimani. Lakini Kombo kaja na habari yake, na naona haitosubiri.

KOMBO: Waalaykumu salaam. Haisubiri, dada Salma. Ile Mercedes 240D ya marehemu baba, ya 1981, mnaijua nyote. Alkhamisi nimemchukua bwana harusi kutoka Wete kwenda Chake. Njia nzima inagonga. Ikitoka ya kwanza kuingia ya pili, du! Kofia ya kiua inamshuka bwana harusi mpaka machoni.

SALMA: Inagonga, inachelewa, au inateleza? Hayo maradhi mbalimbali.

KOMBO: Inagonga. Kubadilisha inabadilisha kwa wakati wake, ila kama mtu kakupiga teke la mgongo.

SALMA: Basi waya wa gia hauna kosa. Waya ukipotea kipimo, gia huja mapema mno au huchelewa. Na ingekuwa inateleza, injini inanguruma na gari haivuti, ningeanza na oili.

KOMBO: Ngoja, sijafika kwenyewe. Tumefika msikitini, nimezima, nimechomoa ufunguo. Injini inaendelea.

SALMA: Na ufunguo mkononi.

KOMBO: Mkononi! Sheikh ndani kaanza khutba ya nikaha, madirisha yako wazi, na dizeli ile sauti yake si ya kunong'ona. Mzee mmoja ananambia, "Zima gari, mwanangu." Namwonesha ufunguo. Anarudia, "Zima gari." Mpaka nikakumbuka kufungua boneti na kusukuma kile kishikio chekundu kilichoandikwa STOP, ijabu na kabuli zishapita. Mie ndiye niliyemleta bwana harusi, na sikumsikia akikubali mke wake. Imeniuma.

SALMA: Pole, kaka. Kweli inauma.

KOMBO: Na tangu siku ile, kila ninayekutana naye sokoni Wete ananiuliza, "Kombo, ushaizima?"

SALMA: Sasa skilizeni, maana teke la gia na injini kukataa kuzima ni jambo moja. Dizeli ile haizimwi kwa umeme. Mbele ya injini pana pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa. Ufunguo ukirudi nyuma, vakyumu ndiyo inayovuta kidude cha kukata mafuta. Vakyumu hiyo hiyo inasaidia breki, inafunga milango, na inakwenda kwenye kidude cha mviringo ubavuni mwa giaboksi. Kidude kile kikikosa vakyumu, giaboksi inadhani umekanyaga mafuta mpaka chini. Inapandisha presha, gia inaingia kwa nguvu.

KOMBO: Yaani mlango unaweza kuharibu gia!

SALMA: Ndivyo ulivyofanya wako. Jumamosi nilichomoa kwanza mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye giaboksi, nikautazama ndani. Ungekuwa na oili nyekundu, ngozi ya ndani ya kidude imepasuka, na gari ingekuwa inakunywa oili ya gia bila kudondosha tone. Ulikuwa mkavu. Nikauziba mrija wa vakyumu wa milango kwa bolti. Tukawasha, tukazima.

KOMBO: Ikazima papo hapo! Nimewasha na kuzima mara tano, jirani katoka kutazama.

SALMA: Mara saba.

KOMBO: Tukapanda nayo kilima, gia zinapita kama samli. Kumbe mpira wa vakyumu wa mlango wa abiria, pale kwenye bawaba, umepasuka kwa ukongwe.

SALMA: Ila kuna jambo hatujalimaliza. Kile kijiti cha kupimia. Oili yako nyeusi, na inanuka kuungua. Imwagwe.

KOMBO: Haimwagwi.

SALMA: Kombo.

KOMBO: Haimwagwi, Salma. Giaboksi haijaguswa miaka. Unga wa zile klachi ndio unaozisaidia kushikana. Tia oili mpya, itasafisha uchafu, uchafu uzibe vijia vya ndani, wiki ya pili hainyanyuki Wete. Ami yangu alimwaga yake, na baada ya hapo gari ikawa ya kusukumwa.

SALMA: Ya ami yako ilikuwa inateleza kabla ya kumwagwa, ulinambia mwenyewe. Oili haikuua, ilikuta maiti. Yako haitelezi! Sasa ndio wakati. Oili iliyoungua haipozi, klachi zinazidi kuungua. Na konveta ya gari ile, lile bakuli la oili baina ya injini na giaboksi, ina bolti yake ya kumwagia, unatoa ya zamani karibu yote, unabadilisha na chujio.

KOMBO: Na ikifa, giaboksi nyengine naitoa wapi? Nivuke bahari mpaka Kariakoo nikanunue ya mtu aliyoichoka? Ile ni gari ya baba.

SALMA: Ndio maana nasema.

KOMBO: Na mie ndio maana nakataa.

SALMA: Sikubaliani na wewe hata kidogo.

KOMBO: Najua.

SALMA: Basi... tuje kwenye waya wa gia. Aa, dakika zimekwisha. Na ile oili tuliiwashia gari kusudi ipate moto tuipime pamoja, maana hupimwa injini inanguruma, gia iko P, mahali tambarare. Ukipima imezimwa, kijiti kinakudanganya kuwa imejaa.

KOMBO: Tutaipima kipindi kijacho, inshallah. Wacha nitoke nikaizime.

SALMA: Wasikilizaji, anakwenda. Mlango ule. ...Haya, mmesikia?

KOMBO: Imezima!

SALMA: Kwa ufunguo?

KOMBO: Kwa ufunguo!

SALMA: Alhamdulillahi. Na oili?

KOMBO: Haimwagwi.