Springi Haifufuliwi: Mhadhara kwa Mafundi na Walinzi, Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mafundi wenzangu, walinzi wetu, na nyinyi vijana mnaojifunza ufundi, nashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie namna ya kubadilisha springi za bastola fupi inayojipakia yenyewe, yaani ile ya kubebwa kiunoni ambayo baadhi yenu mmekabidhiwa kazini. Kazi ya silaha niliifanya kwa miaka ishirini na saba, na tangu nistaafu natengeneza cherehani na saa za ukutani, kwa hivyo springi sijaachana nazo hata siku moja. Jambo linalonisumbua, na ndilo lililonitoa nyumbani asubuhi hii, ni kwamba watu wengi huihesabu springi kuwa ni kipande cha kudumu kama kasiba au kitako, ilhali springi ni kitu cha kuliwa, kama utambi wa koroboi. Utambi ukiisha hatuusemezi wala hatuuvuti, tunatia mwengine.

Wazee wetu springi ya saa wakiiita kamani, na neno hilo limetoka kwa Waajemi, ambao kwao kaman ni upinde. Jina limesibu, kwa sababu upinde ndiyo springi ya mwanzo: unaupinda kwa nguvu za mkono, nguvu zinakaa ndani ya mti, na ukiuachia zinarudi zote kwa mara moja. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni inayosema kwamba nguvu ya springi huongezeka kwa kadiri ileile inavyovutwa au kubanwa. Kanuni hiyo ina mpaka. Chuma kikipindwa ndani ya mpaka wake hurudi kilipokuwa. Kikivushwa mpaka, hakirudi tena chote, na urefu kilioupoteza hakiupati tena.

Sasa tuitizame bastola. Risasi ikilipuka, msukumo unairudisha slaidi, yaani kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele, kwa kasi. Slaidi inalitoa ganda tupu, inaisukuma nyundo ikae tayari, na wakati huohuo inaibana springi kubwa iliyo chini ya kasiba, au iliyoizunguka kasiba yenyewe kama ilivyo kwenye Makarov, bastola iliyokubaliwa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951. Slaidi ikifika mwisho, springi ndiyo inayoirudisha mbele, na njiani inaizoa risasi mpya kutoka magazini, yaani kile kisanduku cha risasi, na kuisukuma ndani ya chemba, yaani tundu la nyuma ya kasiba linalokaa risasi, mpaka slaidi ifunge sawasawa. Yote haya yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Wakati slaidi iko nyuma, springi ya magazini inatakiwa iwe imeshaiinua risasi inayofuata hadi kwenye midomo ya magazini, ili slaidi ikipita iikute. Basi hapo pana springi mbili zinazoshindana mbio, na bastola hufanya kazi kwa sababu aliyeisanifu amezipimia mbio hizo zilingane. Naomba mlishike hili, kwa sababu makosa mengi ya mafundi yanatokana na kulisahau.

Katika bastola ndefu kazi hii ina nafasi ya kutosha. Katika bastola fupi slaidi ni nyepesi na safari yake ni fupi, lakini risasi ni ileile na msukumo ni uleule. Kwa hivyo mtengenezaji analazimika kuweka springi kali zaidi katika nafasi ndogo zaidi, nayo inabanwa karibu na mpaka wake kila risasi moja inapotoka. Ndiyo maana bastola nyingi fupi zina springi mbili, moja ndani ya nyengine, na kwa kawaida hizo husokotwa kwa pande zinazopingana ili pete za moja zisiingie katikati ya pete za nyengine. Glock 19 ya kizazi cha nne, iliyotoka mwaka 2010, iliwekewa springi za aina hii zikiwa zimefungwa pamoja juu ya fimbo inayoziongoza. Hizo hazifumuliwi, hubadilishwa zote kwa pamoja. Kwa bastola ndefu mafundi wengi huhesabu risasi elfu tatu hadi tano kabla ya kubadilisha springi kubwa. Kwa fupi hesabu hushuka, na kwa zile ndogo kabisa zenye kasiba fupi huweza kushuka chini ya elfu moja. Kila mtengenezaji ameandika hesabu yake katika kitabu cha silaha, na hiyo ndiyo ya kufuatwa.

Nimewahi kuulizwa na walinzi wengi kama magazini iliyojazwa ikaachwa miezi inaua springi. Springi nzuri iliyobanwa ndani ya mpaka wake haichoki sana kwa kukaa tu. Inachoka kwa kwenda na kurudi. Lakini magazini za bastola fupi zimeshindiliwa risasi nyingi katika nafasi ndogo, na springi zake nyengine hubanwa kupita kiasi zinapojazwa hadi juu, hizo hulegea hata zikikaa. Na hapa kwetu pana adui mwengine ambaye vitabu vya ng'ambo havimtaji sana. Mlinzi anayelinda ufukweni anaivaa bastola yake usiku kucha kwenye upepo wa chumvi, jasho linaingia, umande unaingia, kisha asubuhi inafungiwa ndani ya mfuko wa ngozi ambao nao umelowa. Kutu ndogo kama punje ya mtama juu ya waya wa springi ni mwanzo wa ufa, na ufa huo hukua kila springi inapobanwa. Ndiyo sababu nasema kwamba springi yenye kutu haisuguliwi kwa msasa ikarudishwa, hata kama risasi ilizopiga hazijafika mia.

Dalili za kuchoka zinasomeka kwa mwenye kuangalia. Springi kubwa ikilegea, maganda hurushwa mbali kuliko kawaida, mkono unahisi slaidi ikigonga kwa ukali, na mara nyengine slaidi hurudi lakini haifungi hadi mwisho. Springi ya magazini ikilegea, risasi huinamisha pua na kujigonga chini ya mlango wa chemba, au slaidi haibaki wazi baada ya risasi ya mwisho. Springi ya nyundo ikichoka, utaona alama ya sindano kwenye fataki, yaani kile kiwashio kilicho nyuma ya risasi, ni ya juujuu na risasi haikulipuka.

Sasa nieleze kisa kimoja. Niliwahi kuletewa bastola fupi iliyokuwa ikikwama kila baada ya risasi tatu nne. Kabla yangu ilipita kwa fundi ambaye, alipoona springi imefupika, aliivuta kwa mikono miwili mpaka ikawa na urefu wa mpya. Siku ya kwanza ilipiga vizuri, mwenyewe akafurahi na akalipa. Wiki ya pili ikakwama tena, vibaya kuliko mwanzo. Nilipoiweka springi ile juu ya kitambaa cheupe, pete zake hazikuwa na nafasi sawa: mbele zimekaribiana, katikati zimeachana, na ukiisimamisha mezani inainama upande kama mnazi uliopigwa na kusi. Fundi aliivusha mpaka wake kwa nguvu, na mtu anayeibeba silaha ile usiku alikuwa akiitegemea. Lile lilinikera, na mpaka leo linanikera, kwa sababu springi mpya ni rahisi mno ukilinganisha na roho ya mtu.

Wapo na wanaozikata pete, wakidhani springi itakuwa laini. Hesabu inasema kinyume. Ukipunguza idadi ya pete, kila pete iliyobaki inapindwa zaidi, kwa hivyo springi huanza na nguvu ndogo lakini hukaza kwa haraka zaidi inapobanwa, na huchoka mapema. Wapo pia wanaotafuta waya mnene kidogo kwa kudhani tofauti ni ndogo. Ugumu wa springi unakwenda kwa unene wa waya uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya ukizidi unene kwa sehemu moja tu ya kumi, ugumu unapanda kwa karibu nusu nzima. Slaidi ikirudishwa na springi kali kiasi hicho, huenda isifike nyuma yote na ganda likabanwa mlangoni, au ikarudi mbele kabla magazini haijainua risasi, ikafunga juu ya chemba tupu. Mwenye bastola atasikia mlio mkavu, wala hatajua kwa nini. Springi za kununua huandikwa nguvu zake kwa ratili, kwa mfano 16 kwa bastola kubwa ya M1911 ya kawaida, nawe ununue ratili alizoweka mtengenezaji wa bastola uliyonayo.

Nije kwenye kazi yenyewe. Silaha isiyo na karatasi zake haifunguliwi juu ya meza yangu, na nawaomba isifunguliwe juu ya zenu. Risasi zote zinatolewa na kupelekwa chumba chengine. Magazini ndiyo inayotangulia kuchomolewa, kisha ndipo slaidi inavutwa. Ukivuta slaidi kabla, utatoa risasi moja na magazini itakulishia nyengine, nawe utaamini kuwa chemba ni tupu. Angalia chemba kwa jicho, kisha iguse kwa kidole kidogo, na muda wote mdomo wa kasiba uelekee kwenye ndoo iliyojaa mchanga. Baada ya hapo slaidi hutolewa kama kitabu kinavyoelekeza, na springi kubwa hutoka ikiwa na fimbo yake. Ilaze sambamba na ile mpya na uzilinganishe. Mpya itapungua urefu kidogo baada ya risasi za mwanzo kisha itatulia, hilo lisikutishe. Angalia ncha zake: springi nyengine zina ncha moja iliyobana, na kwa Makarov ncha hiyo ndiyo inayotangulia kuingia kwenye kasiba. Ukiigeuza, bastola itafungika, lakini haitafanya kazi inavyopaswa.

Kwa magazini, kidole gumba kisiondoke juu ya springi unapofungua kitako chake, na kabla hujaitoa ipige picha kwa simu, ili ujue upande gani ulikuwa mbele na ncha ipi ilikuwa juu. Springi ndogo, kama ya kitoa maganda, zifungulie ndani ya mfuko wa plastiki unaoonesha, mikono yote miwili ikiwa ndani, na miwani machoni. Nilipokuwa kijana sikufanya hivyo. Springi isiyozidi urefu wa punje ya mchele iliniruka ikanipiga juu ya nyusi, ikapotelea kwenye ufa wa sakafu, na siku mbili nilikuwa nimepiga magoti natafuta kwa sumaku iliyofungwa kwenye uzi. Ingeshuka nusu inchi, leo nisingekuwa nawaoneni kwa macho mawili.

Ukimaliza kuifunga, bastola ikiwa tupu, elekeza mdomo juu kwa mshazari, vuta slaidi mpaka nyuma kisha iachie polepole kwa mkono. Inapaswa ijipandishe na kufunga yenyewe mpaka mwisho. Ikisimama njiani, usiisaidie kwa kidole gumba. Ifungue tena utafute sababu. Halafu ipelekwe uwanja wa shabaha, ipigwe magazini kadhaa, na katika daftari iandikwe tarehe, aina ya springi na idadi ya risasi, ili atakayekuja baada yako asianze kwa kubahatisha.

Springi niliyoitoa katika bastola ya kile kisa ninayo hapa. Naomba ipitishwe mkono kwa mkono, kila mmoja aisimamishe kwenye kiganja aone inavyoinama. Ikinirudia nitaikata vipande kwa koleo mbele yenu, kama ninavyozikata zote, ili isije ikaokotwa kwenye kopo la vyuma vyangu ikarudi ndani ya bastola ya mtu.