KKK, pikipiki za kata na mtoto anayesoma ukuta

Shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi. Mwenyekiti kanipa nusu saa alafu maswali, kwahiyo naingia moja kwa moja, mkiona nazidisha mnipungie mkono. Nimefundisha la kwanza na la pili miaka mingi kabla sijahamia kwenye mafunzo ya walimu, kwahiyo mengine nitakayosema ni ya kwenye makaratasi ya wizara na mengine ni ya chaki.

Nilichokuja kusema ni kimoja. Mbinu za kumfundisha mtoto kusoma na kuhesabu tunazo, tena zimeshalipiwa. Mtu wa kuingia darasani, akakaa nyuma, akasikiliza watoto, akaongea na mwalimu baada ya kipindi, na mwezi ujao akarudi, huyo ndo hatujamlipia sawasawa.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 2013 ulipokuja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, iliwekwa kwenye vipaumbele vya elimu kwasababu ilishakuwa aibu, watoto wanafika darasa la saba wengine hawawezi kusoma hadithi ya la pili. Ikaja LANES, programu ya kuinua hiyo KKK, kwa hela ya mfuko wa dunia wa elimu, GPE, dola milioni 94.8, Uingereza wakaleta EQUIP, programu ya kuboresha elimu ya msingi, kwenye mikoa kama Dodoma, Kigoma, Lindi, Shinyanga, Simiyu na Tabora, na Wamarekani wakaja na programu yao ya kusoma, Tusome Pamoja, kule Iringa, Morogoro, Ruvuma, Mtwara na Zanzibar. Mwaka 2015 mtaala wa la kwanza na la pili ukabadilishwa, masomo yakapunguzwa, asilimia kama 80 ya muda ikawa ni kusoma, kuandika na kuhesabu tu. Mimi mpaka leo nasema ule ulikuwa uamuzi bora kuliko majengo yote tuliyozindua, maana zamani mtoto wa miaka saba alikuwa anabebeshwa rundo la masomo na hajui hata herufi zake.

Alafu 2016 elimu bila malipo ikaanza, watoto wakamiminika, na mwalimu aliyetoka semina akiwa na mbinu za watoto arobaini akakuta mia na ishirini wamekaa mpaka kwenye kizingiti cha mlango.

Sasa twende darasani. Ukutani kuna chati, ba be bi bo bu. Mwalimu ana fimbo anagonga, darasa zima linaimba, mgeni akipita nje anasema hapa kazi inafanyika. Mwite mtoto mmoja, ziba ile chati kwa daftari, acha "bo" peke yake. Mtoto anakuangalia, anaangalia juu, alafu anaanza kimyakimya, ba, be, bi... mpaka aifikie. Huyo anaimba ukuta, bado hajaanza kusoma. Mwandikie "bibo" kwenye karatasi, neno ambalo mtoto wa Mtwara analila kila msimu wa korosho, hawezi. Mbinu mpya ilikuja kurekebisha hilo hilo, mtoto ajue sauti ya b peke yake na ya o peke yake, aziunganishe mwenyewe, na Kiswahili chetu kinarahisisha kwasababu kinasomwa karibu kama kinavyoandikwa. Walimu wengi walifundishwa hivo. Wiki ya tatu baada ya semina wakarudi kwenye fimbo na wimbo. Ni wavivu? Wengi hapana, bwana. Ukiwa na watoto mia na ishirini wimbo unawatuliza, na hakuna aliyekuja kukuuliza vipi, zile sauti zinaendaje.

Kwenye hesabu ndo utacheka. Mpe mtoto wa la pili 43 jumlisha 28. Anachora vijiti 43 pembeni ya daftari, kimoja kimoja, alafu vingine 28, alafu anahesabu vyote, akipigwa kikumbo na mwenzake anaanza upya, mwisho anapata 70 au 72. Jioni mtoto huyo huyo yuko stendi anauza karanga, umempa elfu mbili kwa karanga za mia tatu, anakurudishia elfu moja na mia saba hujafunga hata pochi. (Kicheko.) Mnacheka lakini ni kweli. Kichwani anacheza na mia na elfu kama vifurushi, darasani tumemfundisha kwamba namba ni foleni ya vijiti. Vizibo vya soda mia moja na rababendi za kufungia kumi kumi, hiyo ndo zana, haina haja ya zabuni.

Watu wanasema tatizo ni hela. Ngojeni niwape mfano wetu wenyewe. 2013 na 2014 shirika la Twaweza walifanya jaribio linaitwa KiuFunza, shule 350, wilaya kumi, la kwanza mpaka la tatu. Shule zingine zilipewa shilingi elfu kumi kwa kila mwanafunzi, zingine mwalimu aliahidiwa bonasi kwa kila mtoto anayefaulu, zingine vyote viwili, na zingine hazikupewa kitu ili kulinganisha. Zile za hela tupu, watoto hawakupanda. Tena wazazi, nyie nyie hapa msinikunjie uso, hela ilipoanza kuingia shuleni familia zikapunguza ya kwao, daftari na kalamu za mtoto zikaachiwa shule. Bonasi peke yake ilisaidia kidogo. Palipokuwa na vyote viwili ndo watoto walipanda kweli. Sisemi tumlipe kila mwalimu bonasi, hilo lina mambo yake, nasema hela isiyoambatana na mtu anayeuliza mtoto kajua nini, inapotea kama maji kwenye mchanga.

Jirani zetu Kenya walianza Tusome yao 2015, jina linafanana na Tusome Pamoja ya huku. Kila mtoto kitabu chake, mwalimu ana mwongozo wa kipindi kwa kipindi, na afisa wao wa kutembelea shule na kusaidia walimu, waliyekuwa wanamwita TAC tutor, akapewa tableti. Anaingia darasani, anasikiliza watoto watatu wakisoma, anajaza, anaongea na mwalimu, na nauli yake inarudishwa kutokana na madarasa aliyoyatembelea kweli. Hapo ndo penyewe. Vitabu hata sisi tumechapisha, ila nauli kufungwa kwenye ziara sisi hatukufanya.

Sisi tulifanya nini? Mwaka 2018 maafisa elimu kata wakagawiwa pikipiki, zaidi ya 2,800 nchi nzima. Kitu kizuri sana, nilifurahi. Ila kuna kata, sitaitaja, pikipiki ipo inang'aa na afisa analalamika mafuta, na hata mafuta yakiwepo inapelekwa kwenye takwimu za madawati, mbio za mwenge, vikao vya halmashauri. Anafika shule, anasaini kitabu cha wageni ofisini kwa mwalimu mkuu, anakunywa chai, anaondoka. Kumlaumu peke yake ni kumwonea, maana bosi wake anamuuliza vyoo vingapi na madarasa mangapi, hakuna anayemuuliza watoto wangapi wa la pili wanasoma.

Sasa hivi kuna MEWAKA, walimu wanakutana shuleni kwao wanafundishana, na BOOST, programu ya elimu ya msingi kwa hela ya Benki ya Dunia, dola milioni 500. MEWAKA naipenda kwasababu haihitaji hoteli wala posho ya kujikimu. Ila mmeona 2025, Wamarekani walipoifunga USAID, shirika lao la misaada, programu zilizosimama kwa hela yao zikatikisika ndani ya siku chache. Mafuta ya pikipiki ya kata yakae kwenye bajeti ya halmashauri, msiniambie tutafute mfadhili wa petroli.

Swali la mwalimu pale nyuma: "Mimi nina mia na thelathini, niko peke yangu, nifanyeje?"

Mwalimu wangu, pole. Sikudanganyi kwamba kuna mbinu inayotosha mia na thelathini, mwajiri akuongezee mwenzako na hilo uliseme kila kikao. Wakati unasubiri, usiwasikilize wote kila siku. Sikiliza sita kwa siku, mmoja mmoja mezani kwako, wengine wakiandika, andika majina kwenye daftari, asiyejua sauti weka alama. Mwezi mmoja na kidogo umewamaliza. Wenye alama ndo wakae mbele, wale wanaosoma vizuri wahamie nyuma, najua wazazi wao watalalamika. Na afisa elimu kata akija, kabla hajasaini kile kitabu cha wageni mpe lile daftari, mwambie achague majina matatu awasikilize mwenyewe.