Chini ya Kochi: Tulipe kwa Saa au kwa Kamisheni?

DADA: Haya, tumeanza. Karibuni tena. Fundi leo kaingia na karatasi, ana mambo matano kayaandika, kila moja na namba yake. Lakini naitazama sura yake, si ya mtu wa mambo matano. Fundi, wiki imekwendaje?

FUNDI: Wiki imenipiga, dada. Hayo matano tutayafikia. Acha kwanza nieleze ya Jumanne na ya Alhamisi.

DADA: Jumanne.

FUNDI: Jumanne jioni tunashusha garini vifaa vyetu vya kuosha mazulia, kijana wangu mmoja akanivuta pembeni. Yule mwepesi, ninayemtajataja hapa. Akasema, "Bosi, kwa malipo haya ya saa mimi namaliza kazi tatu, mwenzangu mbili, mwisho wa mwezi tunalingana. Niweke kwenye kamisheni, la sivyo nimeshapata kwingine." Sauti hakupandisha. Alikuwa anakunja bomba la mashine, analipangusa maji kwa kiganja, macho hajaniinulia. Ndipo paliponiuma. Mtu ananiaga, na bado anatunza bomba langu.

DADA: Huyo usimpoteze.

FUNDI: Ndiyo maana nikakubali. Nikamwambia, "Wewe na msaidizi wako, kuanzia kesho, asilimia ya kila kazi." Jumatano wakapiga kazi nne. Nne, dada! Gari lile lile, mashine ile ile. Nikalala na furaha. Alhamisi asubuhi mteja akapiga simu. Mama mpole kweli. Akasema, "Zulia limetoka vizuri, nashukuru. Ila leo nimesogeza kochi."

DADA: Eeh.

FUNDI: Nikaenda mwenyewe. Sebule imetakata, inanukia. Kochi limevutwa kando, na pale lilipokuwa limekaa pana vumbi, pembe nne kamili, kama mtu kapima kwa rula. Nywele za paka, kalamu, kizibo cha chupa. Maji hayakufika kabisa.

DADA: Walilizunguka.

FUNDI: Walilizunguka kochi.

DADA: Sasa nisikilize. Mimi nimefanya kazi hiyo kwa saa, miaka sita, kabla sijakaa mezani kupiga hesabu za mishahara ya wengine. Nilikuwa nasogeza kochi. Kila nyumba.

FUNDI: Ni tabia yako hiyo, dada. Saa haikukufundisha.

DADA: Dakika kumi za kochi zilikuwa zimelipwa! Hiyo ndiyo tofauti. Kijana wako Jumatano, dakika kumi zile zingetoka mfukoni mwake. Nyumba nne, dakika arobaini, na hana wa kumrudishia. Umempa sababu ya kutoinama, halafu unashangaa hakuinama.

FUNDI: Na kwa saa nilikuwa nimempa sababu ya nini? Ngoja nikuambie nilichokiona kwa macho yangu. Kikosi kimemaliza kazi saa tisa, wamekaa ndani ya gari, injini inaunguruma, wanasubiri saa kumi na moja ifike ndipo warudi. Yule mwepesi yumo humo humo garini. Amefanya haraka, malipo ya haraka yake ni kuongezewa kazi. Mvivu anavuta muda, analipwa muda aliouvuta. Mtu mwenye akili atakaa hapo mwaka mzima?

DADA: Basi mpandishie kiwango cha saa. Aliyeiva apate zaidi ya anayejifunza.

FUNDI: Nani aamue nani kaiva? Mimi. Na siku nitakapompandisha mmoja, wengine watasema nampendelea. Kamisheni haina uso, dada. Kazi nne ni kazi nne.

DADA: Kamisheni inaona kilichohesabiwa tu. Kochi halihesabiwi.

FUNDI: Sawa, na kochi lenyewe tuliseme, maana watu wanadhani ni kulisukuma tu. Kochi zito linataka watu wawili, mmoja kila upande, unainua kwa magoti. Ukilivuta kwa miguu yake unachana zulia. Na ukishaosha, hulirudishi hivi hivi. Zulia bado lina maji, mguu wa mbao utaachia rangi, mguu wa chuma utaachia kutu, na doa hilo halitoki. Unaweka kipande cha plastiki au cha karatasi ya alumini chini ya kila mguu, unamwambia mwenye nyumba asikiondoe mpaka zulia likauke.

DADA: Miguu minne, vipande vinne.

FUNDI: Kochi la kona lina miguu saba, wakati mwingine minane! Na msaidizi mpya hajui. Kiongozi inabidi amfundishe pale pale, sebuleni, mteja anatazama.

DADA: Umeshajijibu. Huko kumfundisha, kiongozi analipwa na nani? Kwenye kamisheni, kumfundisha mpya nako ni kochi.

FUNDI: Loo.

DADA: Ni kochi! Kuosha mashine jioni, kochi. Kumweleza mteja asikanyage, kochi. Fundi wa viyoyozi anayepaswa kufungua kichujio kilichojificha juu ya dari, naye ana kochi lake. Fundi bomba anayepaswa kusubiri robo saa aone kama kiungo kinavuja baada ya kukaza, hiyo robo saa ni kochi. Kila kazi ya huduma ina sehemu ambayo mteja hataiona leo.

FUNDI: Hapo sikubishii. Kila kazi ina kochi. Lakini mtu anayelipwa kwa saa naye anaweza kulikalia.

DADA: [anacheka] Anaweza. Lakini njia ndiyo kochi kubwa kuliko yote. Tupige hesabu kidogo. Kazi ina thamani ya mia. Kikosi kinapata thelathini, kiongozi kumi na nane, msaidizi kumi na mbili. Kazi saa mbili, njia saa moja. Msaidizi kapata kumi na mbili kwa saa tatu, yaani nne kila saa. Sasa siku ile njia imefunga, njia peke yake saa mbili. Kumi na mbili kwa saa nne, tatu kila saa. Robo ya ujira wake imeliwa na foleni, na kosa hana. Mteja akiwakataa mlangoni, sifuri.

FUNDI: Kwa saa, hasara hiyo naibeba mimi.

DADA: Ndiyo. Ratiba umepanga wewe.

FUNDI: Na nikilemewa nayo, hakuna wa saa wala wa kamisheni, sote tuko nyumbani.

DADA: Ndiyo maana nasema...

FUNDI: Subiri, nimekuja na ushahidi, nisije nikausahau kwa ajili ya kochi. Mchumi mmoja wa Marekani, Edward Lazear, alichapisha utafiti mwaka 2000 kuhusu kampuni ya Safelite, wanaofunga vioo vya magari. Miaka ya 1994 na 1995 waliacha malipo ya saa wakaingia malipo ya kipande, unalipwa kwa kila kioo ulichofunga. Kazi kwa kila mfanyakazi ikapanda asilimia 44. Na mishahara nayo ikapanda, kama asilimia 10. Kampuni imepata, fundi kapata.

DADA: Naujua utafiti huo, na umeusoma nusu.

FUNDI: Nusu ipi?

DADA: Kwanza, katika hiyo 44, kama nusu tu ndiyo watu wale wale kuongeza kasi. Kubwa katika iliyobaki ni watu kubadilika. Wepesi walibaki na wengine kama wao wakaja. Ukiwa na kikosi cha watu sita wanaokutegemea, "kubadilika" maana yake ni majina.

FUNDI: Na wepesi waliokuwa wakiondoka sasa wakabaki. Hao nao wana majina. Wangu mmoja alikuwa ananiaga Jumanne.

DADA: Pili, walikuwa na kiwango cha chini cha saa. Vioo vikiwa vichache, bado mtu alipata ujira wake wa saa. Na tatu, hili ndilo nalitaka ulisikie: kioo kibovu kilijulikana kafunga nani. Kikiharibika, alikirudia kwa muda wake na kioo kipya akakilipia yeye, na mpaka akimalize hapewi kazi nyingine. Kioo kinapiga kelele kikiwa kibaya. Kinavuja maji, kinalia upepo. Kochi limenyamaza. Mama yule asingelisogeza, ungejua lini?

FUNDI: Nisingejua.

DADA: Basi.

FUNDI: Lakini dada, hilo linanipa mimi haki! Kama dawa ni kurudia kwa muda wako, basi hiyo dawa ni ya kamisheni. Mtu wa saa akirudi kusogeza kochi, nalipa mara mbili. Nalipa alipolizunguka, nalipa tena anapolisogeza.

DADA: Na mimi nakuuliza, umtume arudi bure kwa amri ya nani? Mteja naye hukosea. Wapo wanaosema zulia halikusafishwa na doa ni la jana jioni. Nani aamue? Wewe, tena. Ulisema kamisheni haina uso.

FUNDI: [kimya]

DADA: Na hatujagusa kuuza vya ziada. Kule California, mwaka 1992, serikali ya jimbo ilitangaza kwamba ilikuwa imepeleka magari kwenye karakana za Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, wakaguzi wakijifanya wateja. Wakauziwa matengenezo yasiyohitajika. Washauri wa huduma, wale wanaompokea mteja na kumwambia gari linataka nini, walikuwa wanalipwa kamisheni. Mkuu wa kampuni mwenyewe alikiri kwamba mfumo wa malipo ndio uliotengeneza mazingira ya makosa kutokea, wakaiondoa kamisheni kwa washauri wao.

FUNDI: Hiyo ni kamisheni ya kuuza. Mimi nazungumzia kamisheni ya kutenda.

DADA: Kijana akiwa sebuleni na dawa ya kuzuia madoa mkononi, anauza au anatenda?

FUNDI: Anatenda mpaka afungue mdomo. Hapo kweli anauza. Sawa. Lakini sirudi nyuma kwenye hili: mtu mzuri ukimlipa sawa na mtu mbaya, unamtukana kila mwisho wa mwezi. Nimeliona usoni mwa kijana. Nikimrudisha kwenye saa Jumatatu, Jumanne hayupo.

DADA: Na mimi sirudi nyuma. Kibarua anauza siku yake. Umeichukua asubuhi, umeipeleka unakotaka kwa njia unayotaka, ulipe siku. Ukitaka kochi lisogezwe, lipia kulisogeza.

FUNDI: Kiwango cha chini kwa saa, juu yake kamisheni?

DADA: Kiwango cha chini kikiwa kidogo, ni kamisheni iliyovaa kanzu. Kikiwa kikubwa, ni saa. Niambie namba, nitakuambia ni kipi.

FUNDI: Namba sina bado.

DADA: Basi hatujakubaliana.

FUNDI: Hatujakubaliana. Na ngoja, saa inasemaje? Dakika tatu! Haya, namba moja: kabla hujabadili malipo, pima wiki nne kila kikosi kinatumia muda gani njiani, muda gani kwenye...

DADA: Fundi, hayo matano kwa dakika tatu, tutayalipua.

FUNDI: Hata mawili?

DADA: Hata moja. Kama ni kuyapitia juu juu, yaache. Kunja karatasi.

FUNDI: Nimekunja. Waliotuandikia kuhusu msimu wa kazi chache, samahanini, lilikuwa namba tatu.

DADA: Yule mama je?

FUNDI: Kesho saa mbili asubuhi. Naenda na kijana, tunasogeza pamoja. Na siku hiyo namlipa kwa saa, kabla hujaniuliza. Nimemwambia pia kwamba kosa la Jumatano ni langu. Nilimpa asilimia, sikumwambia kochi limo.

DADA: Akasemaje?

FUNDI: Akauliza, "Bosi, la kona au la kawaida?"

DADA: Ni lipi?

FUNDI: La kona. Miguu minane. Nimeshakata vipande.