Kopo la Zege Lilivyoipita Ringi

FUNDI: Mwalimu, leo kipindi chetu sikianzi na salamu. Jumanne nusura niue mtu.

MWALIMU: Pale pale mteremko wa Bugando?

FUNDI: Pale pale. Nimeegesha ringi ya pikipiki, pembeni kuna lile kopo la rangi nililojaza zege la kushikia mwavuli. Mteja kajikwaa, vyote viwili vikashuka na lami. Ringi ndiyo iliyotangulia. Kabla ya kona kopo likaipita, likamega ngazi ya duka. Kuna mtoto alikuwa ndiyo kwanza ameinuka hapo.

MWALIMU: Mungu mkubwa.

FUNDI: Mikono ilinitetemeka mpaka jioni. Sasa kopo dogo linaipitaje ringi?

MWALIMU: Kitu kinachobingiria kina kazi mbili, kusonga mbele na kujizungusha, na nishati ya kuzilisha zote ni ile ile iliyotoka kwenye kimo. Ringi uzito wake karibu wote uko ukingoni, kwa hiyo mzunguko unakula karibu nusu. Zege limejaa mpaka katikati, mzunguko unakula theluthi tu. Kikishuka kimo cha mita 1, ringi inafika na kama mita 3.1 kwa sekunde, zege 3.6. Gololi ya chuma ingezipita zote mbili, maana mzunguko unachukua sehemu 2 tu kati ya 7.

FUNDI: Mimi nilidhani ni uzito.

MWALIMU: Uzito unajifuta kwenye hesabu. Upana nao vivyo hivyo. Kinachobaki ni uzito umekaa wapi.

FUNDI: Ngoja. Jana nimejaza kopo jingine maji, nikaliziba kabisa. Likalipita la zege!

MWALIMU: Jepesi, na limeshinda! Ni kwa sababu maji hayazunguki. Kopo linazunguka, maji yanashuka tu.

FUNDI: Hapo hapana. Naosha vipuri kwenye ndoo kila siku. Ukiizungusha, maji yanafuata.

MWALIMU: Baada ya muda. Kwanza yanafuata yale yanayogusa ukuta, ya katikati yametulia. Kopo lako limeshuka sekunde ngapi?

FUNDI: Tano, sita.

MWALIMU: Basi hayakuwahi.

FUNDI: Yaliyogusa ukuta si maji? Yamezunguka.

MWALIMU: Utando mwembamba tu, Fundi.

FUNDI: Utando ni maji. Usiniambie hayazunguki.

MWALIMU: Kwa hesabu ya mteremko wako, hayazunguki.

FUNDI: Yanazunguka. Tuweke uji, basi.

MWALIMU: Uji mzito utaburutwa mapema, utakaribia zege. Huo nakubali.

FUNDI: Na maji?

MWALIMU: Maji sikubali.

FUNDI: Wala mimi.

MWALIMU: Naonyeshwa saa hapa, zimebaki dakika mbili, na gurudumu la mashine ya kusaga ndiyo mada tuliyowaahidi wasikilizaji leo.

FUNDI: Liache. Jumamosi njoo na saa yako ya kupimia, tufunge mtaa kwanza, watoto wakae mbali.

MWALIMU: Nakuja. Uji anapika nani?

FUNDI: Mama watoto. Makopo mawili, mzito na mwepesi.