Daftari la Mzamiaji: Deni na Mageuzi ya Kazi ya Lulu Bahrein

Walimu wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie deni na kazi. Nimechagua Bahrein, nchi ya visiwa katika Ghuba ya Uajemi, ya miaka ya 1920, kwa sababu pale deni lilishika watu kwa vizazi, na pale pia serikali ilijaribu kulikata. Walioasi baadaye walikuwa wadaiwa wenyewe. Nataka tuelewe kwa nini.

Kwanza kazi yenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 Bahrein peke yake ilikuwa na mashua zaidi ya 900 za lulu, zikibeba watu zaidi ya 17,000. Msimu mkubwa uliangukia miezi ya joto kali, tangu karibu mwezi wa sita mpaka wa tisa. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio cha pembe au gamba la kasa, akaweka mguu kwenye jiwe lenye kamba, akajaza pumzi, akashuka. Chini alikuwa na kama dakika moja, labda moja na nusu, ya kubandua chaza na kuwatia kikapuni. Akitikisa kamba, mwenzake aliyebaki juu anamvuta. Anapumua kidogo, anashuka tena. Hivyo kutwa nzima, tumboni mna tende chache na kahawa tu, kwa kuwa aliyeshiba hawezi kuzama. Chakula cha kushiba kilikuwa cha jioni.

Mshahara haukuwepo. Lulu zikishauzwa, zilitolewa gharama za chakula na haki ya chombo, kisha kilichobaki kikagawanywa: kwa kawaida mzamiaji mafungu matatu, mvuta kamba mawili, msaidizi moja. Ukisikiliza haraka utasema huu ni ushirika wa haki, wenye jasho wanagawana pato. Tatizo lilikuwa limeshaingia kabla chombo hakijang'oa nanga.

Mzamiaji alihitaji kuiachia familia chakula cha miezi minne. Nahodha alimpa karadha ya kuanzia msimu. Msimu ukiisha, alihitaji karadha nyingine ya kumvusha mpaka msimu ujao. Nahodha naye alikuwa amekopa kwa tajiri wa lulu. Mara nyingi karadha haikuwa fedha, ilikuwa mchele, tende na nguo, na bei aliipanga mkopeshaji.

Hebu tupige hesabu, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mzamiaji anachukua mchele wa rupia 70 sokoni, anaandikiwa 100. Msimu unakwenda vizuri, fungu lake linafika rupia 80. Bado anadaiwa 20. Wakati hakuna kazi anachukua vitu vya rupia 50, anaandikiwa 70. Msimu mpya unamkuta na deni la 90, na karadha ya kuanzia hajaigusa. Huyu ni mtu aliyepata msimu mzuri. Aliyeugua je? Aliyerudi na lulu ndogondogo je?

Na nani aliandika? Nahodha. Pengine hakuandika kabisa, alisema tu kwamba unadaiwa kiasi fulani, na mzamiaji asiyejua kusoma hakuwa na la kumjibu. Hakuweza kuhamia kwa mwingine bila hati ya nahodha wake iliyoonyesha deni lake, na aliyemtaka ilibidi alilipe kwanza. Akifa, deni lilihamia kwa mwanawe, naye akaingia baharini kulipa mchele alioula akiwa mtoto. Mashauri yalipelekwa kwenye baraza la uzamiaji, na waamuzi wake walitoka kwa manahodha haohao.

Sisi wa pwani hii hatuna budi kusema jambo moja hapa. Miongoni mwa wazamiaji wa Ghuba walikuwamo watumwa waliotoka Afrika Mashariki, na watoto wao. Mtumwa alizama kama wengine, lakini fungu lake lilichukuliwa na bwana wake. Bahrein ilitangaza kufuta utumwa mwaka 1937. Kwa hiyo mageuzi ninayoyaeleza yalifanyika watumwa wakiwa bado wanazama, na daftari pekee lisingemsaidia mtu ambaye hata mapato hayakuwa yake.

Mwaka 1923 Waingereza, kupitia wakala wao Meja Clive Daly, walimweka kando mtawala mzee, Sheikh Isa bin Ali, na madaraka yakaenda kwa mwanawe Sheikh Hamad. Namna ile ya kuingilia nchi ya watu siwezi kuitetea. Lakini kilichofuata katika kazi ya lulu kilikuwa na uzito. Kila mzamiaji alipaswa kuwa na daftari lake la hesabu. Nahodha alilazimishwa kuandika kila alichotoa na kila alichopokea. Riba ikawekewa mpaka. Deni la marehemu likakatazwa kumwangukia mwanawe. Na serikali ikaanza kupanga kiwango cha karadha za msimu.

Manahodha na matajiri wengi walipinga, na hilo halishangazi. Linalonigusa ni wazamiaji. Kupunguza karadha kulikusudiwa kupunguza deni. Ila karadha ndiyo ilikuwa chakula cha nyumbani, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Unamwambia baba wa watoto watano kwamba atadaiwa kidogo zaidi, naye anauliza watakula nini mwezi wa kwanza. Kisha bei ya lulu ikaporomoka: anguko la uchumi la 1929, na lulu za kufugwa za Japani zikizidi kuingia sokoni. Karadha zikapungua tena. Mwezi wa tano mwaka 1932 wazamiaji waliinuka, wakavamia kituo cha polisi Manama kumtoa mwenzao aliyekamatwa. Polisi walifyatua risasi na watu wakafa.

Wapo wanaowaita wajinga waliokataa kukombolewa. Nakataa kabisa. Walijua deni kuliko afisa yeyote, maana waliishi ndani yake. Daftari, riba, deni la marehemu: hayo yalikuwa mageuzi mazuri, na laiti yangekuja miaka 50 kabla. Kosa lilikuwa kugusa mkopo bila kugusa pato. Mafungu matatu yalibaki matatu, bei ya lulu ilibaki mikononi mwa wanunuzi, na miezi isiyo na kazi ilibaki bila ujira.

Siku chache tu baada ya vurugu zile, mwanzoni mwa mwezi wa sita 1932, mafuta yalipatikana Jebel Dukhan, kilima cha hukohuko Bahrein. Wazamiaji wakaanza kuhamia kwenye kazi ya ujira, inayolipa pia miezi ambayo bahari hailipi. Manahodha walibaki na madaftari yaliyojaa madeni, na watu wa kuwadai wameshaondoka chomboni.

Asanteni. Tuanze na maswali.