Mgongo Unaouma Usiku

Ndugu matabibu na wauguzi, nina sarafu ya shilingi mia mbili. Naidondosha hapa sakafuni. Mwambie mgonjwa wako wa mgongo aiokote. Aliyechoshwa na jembe ataguna, lakini atainama. Mwenye maambukizi kwenye diski, ule mto ulio kati ya pingili (mifupa) za uti wa mgongo, hathubutu kuupinda mgongo: anaunyoosha wima, anakunja magoti, anachuchumaa taratibu huku mkono mmoja umeegemea paja, ndipo aifikie.

Mama mmoja niliyemwona alikuwa amezunguka miezi minne akidungwa diklofenaki, dawa ya maumivu. Homa hakuwa nayo, na wengi hawana. Maumivu yalimwamsha usiku wa manane, hata akiwa amelala tuli. Nilipogonga pingili zake kwa ngumi nyepesi, alishtuka akashika kitanda.

Diski ya mtu mzima haina mishipa yake ya damu; hulishwa na pingili mbili zinazoibana. Kijidudu kikitoka kwenye jipu la ngozi au njia ya mkojo, husafiri na damu, kikatua kwenye pingili, kisha kikaivamia diski. Kinara ni bakteria Staphylococcus aureus. Kwetu lazima pia umfikirie TB (kifua kikuu), ambayo ya mgongo ilielezwa na mpasuaji Mwingereza Percivall Pott mwaka 1779, na bruselosi, ugonjwa utokao kwa mifugo, kwa mfugaji au mnywaji wa maziwa mabichi.

Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuwa safi kabisa. Isikutulize. ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyoonyesha uvimbe wa ndani, zikiwa juu, tafuta MRI, picha ya sumaku, hata kama ni safari ya mkoa mwingine.

Sasa ninalowaomba kwa moyo wote. Ikiwa miguu ina nguvu na mgonjwa hajazidiwa na maambukizi kwenye damu, msikimbilie antibiotiki ya seftriaksoni! Chukueni kwanza damu ya kuotesha vijidudu maabara, kisha apelekwe akatolewe kinyama cha pingili kwa sindano. Dawa ikitangulia, mara nyingi maabara haioteshi kitu, nanyi mnabaki kukisia: wiki 6 za antibiotiki, miezi 3 ya dawa za bruselosi, au miezi 9 hadi 12 ya dawa za TB? Ila miguu ikilegea au mkojo ukigoma, ni rufaa siku hiyohiyo kwa wapasuaji.

Kinyama cha yule mama kilipimwa kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, ikatoka TB. Kibyongo kidogo kimebaki, na sarafu bado anaiokota kwa kuchuchumaa. Lakini usiku analala.