Mashimo Manne Msituni: Namna ya Kutembelea Kambi ya Makombora ya Plokštinė, Lithuania

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Mada yetu leo ni Makumbusho ya Vita Baridi ya Plokštinė, magharibi mwa Lithuania, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Žemaitija, karibu na ziwa Plateliai. Nchi zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti zina makumbusho mengi ya kijeshi, na mengi yao ni kumbi zenye vifaru, bunduki na sare nyuma ya vioo. Plokštinė ni kambi halisi ya makombora ya nyuklia, na mgeni anashuka ndani yake kwa miguu. Asiyejua atazame nini atatoka amepiga picha za sanamu za askari basi, na hiyo ni hasara kubwa.

Nitangulize hoja yangu ili mnifuate vizuri. Ukitaka kuielewa kambi hii, tazama namna mashimo yake manne ya kurushia makombora yalivyokaa karibu karibu. Mpangilio huo ndio ulioifanya kambi ionekane ya kisasa kabisa mwaka 1962, na ndio ulioifanya ipitwe na wakati miaka michache baadaye.

Tuanze na kombora lenyewe, maana shimo lilichimbwa kwa kipimo chake. Linaitwa R-12. Lilibuniwa na ofisi ya Mikhail Yangel huko Dnipropetrovsk, mji ambao leo unaitwa Dnipro, nchini Ukraine. Urefu wake ni mita 22 hivi, kipenyo mita 1.65, na likishajazwa mafuta lilikuwa na uzito wa karibu tani 42. Sehemu kubwa ya uzito huo ni mafuta. Chuma chenyewe ni chepesi mno. Kichwa chake kikubwa cha nyuklia kilikuwa na nguvu ya megatoni 2.3, yaani kilotoni 2,300. Bomu la Hiroshima lilikuwa kilotoni 15 hivi, kwa hiyo hapa tunasema zaidi ya mara 150, na kambi hii ilikuwa na mashimo manne.

Masafa yake yalikuwa kilomita 2,000 na ushei. Kabla ya safari, chukueni ramani ya Ulaya na bikari, wekeni ncha kwenye Plungė, mji ulio karibu na kambi, na mchore duara la kilomita 2,000. London imo. Paris imo. Roma imo, Istanbul imo, Oslo na Copenhagen ndiyo usiseme. Madrid iko nje. Zoezi hili ni la dakika tano tu, lakini ukishaliona duara hilo huwezi tena kuuita msitu ule pembe ya nchi iliyosahaulika.

Mwanzoni R-12 ilirushwa kutoka uwanja wazi, ikiwa imesimamishwa juu ya meza ya chuma, na malori ya mafuta yameizunguka. Yangeweza kupigwa picha kutoka angani, na bomu likianguka hata kwa mbali kidogo lingeyapindua yote. Ndipo Wasovieti wakaamua kuyaficha makombora ardhini. Ujenzi wa Plokštinė ulianza Septemba 1960 na ukakamilika mwisho wa Desemba 1962. Zaidi ya wanajeshi 10,000 walishiriki, wakiwemo Waestonia wengi. Hii ni miongoni mwa kambi za kwanza kabisa za chini ya ardhi ambazo Wasovieti waliwahi kujenga. Tazameni tarehe hizo tena: Oktoba 1962, kazi hapa ikielekea ukingoni, makombora ya aina hii hii ya R-12 yalikuwa yamepelekwa Cuba, jirani na Marekani, na dunia ikakaa roho juu kwa siku kumi na tatu.

Sasa twende kwenye ziara yenyewe. Wageni wengi hukimbilia mlango. Msifanye hivyo. Bakini juu kwanza, mtembee uwandani. Mtaona vifuniko vinne vya mashimo, vimeviringa kama migongo ya kobe, kila kimoja na uzito wa karibu tani 100, vikiwa vimepangwa kwenye pembe nne za kiwanja kimoja. Vifuniko hivyo havikufunguka kwenda juu. Vilisukumwa pembeni juu ya reli. Tafuteni mahali reli zinapopita, kisha hesabuni hatua kutoka kifuniko kimoja hadi kingine. Ni chini ya mita 100. Kumbukeni kipimo hicho, tutakirudia.

Mlango unapofunguka kitu cha kwanza ni baridi. Hata Julai, watu wakiwa wanaogelea ziwani Plateliai, chini kule kuna ubaridi na unyevu wa zege. Vaeni koti au sweta nzito, na viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Kandambili na viatu vya kisigino vitawatesa kwenye ngazi. Korido ni nyembamba, ngazi zina mwinuko mkali, na pako mahali pa kuinama. Mwenye matatizo ya magoti, au anayebanwa na pumzi sehemu zilizofungwa, aulize mapema ni sehemu gani anaweza kufika. Mkoba mkubwa wa mgongoni uacheni garini.

Humo ndani mko katika kiini cha kambi, katikati ya mashimo manne. Vyumba vilikuwa vya uongozaji, mawasiliano, mitambo ya umeme na mapumziko ya askari wa zamu. Leo vingi vimegeuzwa kumbi za maonyesho: mabango ya propaganda, sare, barakoa za gesi, vifaa vya redio, maelezo juu ya Vita Baridi tangu 1945. Hapa nataka muwe macho. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 2012, na jeshi lilikuwa limeondoka humo miaka mingi kabla. Baada ya jeshi kuondoka, wakusanya vyuma chakavu waliingia wakakata nyaya, mabomba na kila chuma kilichobebeka. Kwa hiyo vingi mnavyoviona mezani vimeletwa kutoka kwingine, na sanamu zilizovishwa sare zimewekwa ili kusaidia macho. Vya asili ni vile visivyobebeka: zege, milango mizito, matundu ya kupitishia nyaya, misingi ya mitambo sakafuni, na mashimo. Katika kila chumba, jiulizeni swali hili kabla ya kusoma bango: hapa palikaa nini, na kimetoka kupitia wapi? Boliti zilizokatwa sakafuni zitawaambia ukubwa wa mashine. Matundu ukutani yatawaonyesha nyaya zilielekea shimo lipi.

Chumba cha jenereta ya dizeli kinastahili muda. Kambi ilitakiwa iendelee kuishi hata umeme wa nje ukikatika na hata hewa ya nje ikiwa sumu. Dizeli inahitaji hewa ya kuunguza mafuta na njia ya kutolea moshi, na binadamu naye anahitaji hewa safi. Ukifuatilia njia za hewa tu, kutoka chumba hadi chumba, utaielewa kambi nzima kuliko kwa kusoma mabango yote.

Kisha mnafika shimoni. Mnasimama kwenye kingo ya ndani, mnachungulia chini karibu mita 30. Kombora halimo. Wengi husikitika, lakini utupu huo una faida: kombora lingekuwemo msingeona ukuta. Angalieni upana. Kombora lina kipenyo cha mita 1.65, na shimo ni pana mara kadhaa zaidi. Sababu ni moto. Injini ya R-12 iliwashwa kombora likiwa bado shimoni, na gesi zile za moto lazima zipate njia ya kutoka, la sivyo zingeligonga kombora na kulivunja kabla halijachomoza. Ndiyo maana kuna silinda ya chuma ndani ya shimo la zege, na gesi zilipanda kupitia nafasi iliyobaki kati ya viwili hivyo. Tochi ndogo yenye mwanga mkali itawasaidia kuona nafasi hiyo. Picha ya simu yenye mweko haitoi kitu hapa. Mwanga haufiki chini. Shikeni simu kwa mikono miwili, zimeni mweko, egemezeni kiwiko, na mpige taratibu.

Tukae kidogo kwenye habari ya mafuta, kwa sababu ndiyo iliyotawala maisha ya askari wa pale. R-12 ilitumia mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, yakiunguzwa kwa kioksidishaji, yaani kemikali ya kuyapa oksijeni, kilichotengenezwa kwa asidi ya nitriki iliyochanganywa na tetroksidi ya nitrojeni. Palikuwa pia na kimiminika cha tatu, kidogo, cha kuanzishia: kikigusana na asidi kinawaka chenyewe bila cheche. Faida ya mchanganyiko huu ni kwamba unahifadhika katika joto la kawaida, tofauti na oksijeni ya kimiminika ambayo inachemka na kupotea hewani. Hasara ni asidi yenyewe. Inakula vyuma, inaharibu mipira ya kuzibia maungio, na mvuke wake wa rangi ya kahawia unachoma mapafu. Kombora lililojazwa liliweza kukaa tayari kwa muda wa mwezi hivi, si miaka. Kwa hiyo hali ya kawaida ya kambi ilikuwa kombora limesimama tupu, na mafuta yakingoja. Ikitolewa amri, watu waliovaa mavazi ya mpira na barakoa walipaswa kuanza kazi ya kujaza, kuunganisha, kukagua, na kusogeza vifuniko vya tani 100. Mkiona barakoa ya gesi kwenye kabati la maonyesho, msifikirie adui pekee. Sumu ya karibu zaidi na askari wale ilikuwa ndani ya matangi yao wenyewe.

Sasa turudi kwenye hatua mlizohesabu juu. Mwaka 1960 kuweka mashimo manne pamoja kulikuwa na mantiki: chumba kimoja cha uongozaji, mtambo mmoja wa umeme, ua mmoja, walinzi wale wale. Makombora ya upande wa pili hayakuwa na shabaha nzuri, basi zege na udongo vilitosha kulinda. Lakini shabaha ikaboreka, na setilaiti za upelelezi zikaanza kupiga picha kila kona. Hapo kukaa karibu karibu kukageuka kuwa kasoro isiyorekebishika: kichwa kimoja cha nyuklia kikianguka sawasawa kinamaliza makombora manne kwa mpigo. Wasovieti waliibadili kanuni. Kambi za baadaye zilikuwa na shimo moja moja, yakitenganishwa kwa kilomita kadhaa, na makombora yaliyokaa yamejazwa mafuta kwa miaka. Plokštinė ilifungwa Juni 1978. Huwezi kuhamisha shimo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo la uhandisi lililo wazi kuliko yote katika makumbusho yale, na nasikitika kwamba wageni wengi hawalioni kwa sababu waliruka uwanda wa juu.

R-12 yenyewe iliendelea kutumika kwingineko mpaka Mkataba wa INF wa kufuta makombora ya masafa ya kati, uliotiwa saini na Reagan na Gorbachev tarehe 8 Desemba 1987, ulipoagiza iharibiwe. Lithuania ilitangaza kurejesha uhuru wake tarehe 11 Machi 1990, na wanajeshi wa mwisho wa Urusi wakaondoka tarehe 31 Agosti 1993. Wenyeji wazee wa vijiji vile waliishi karibu na silaha hizi bila kuambiwa chochote rasmi, na kiongozi wa ziara aliyezaliwa eneo hilo anaweza kuwaeleza mambo ambayo hayamo kwenye bango lolote. Muulizeni.

Kuhusu njia. Treni kati ya Vilnius na Klaipėda inasimama Plungė. Kutoka hapo kuna kilomita kadhaa za barabara ya msituni, na ni vyema kuwa na gari au kupatana na teksi ya kwenda na kurudi, kwa sababu pale msituni hamtapata gari la kupunga mkono. Wakati wa kiangazi watu huenda kwa baiskeli kutoka kijiji cha Plateliai. Uwanja wa ndege ulio karibu ni wa Palanga. Saa na siku za kufungua hubadilika kati ya kiangazi na kipupwe, basi thibitisheni kabla ya kuondoka, na mkiwa kundi wekeni nafasi ya kiongozi anayezungumza lugha mnayoielewa. Lithuania imo katika eneo la Schengen: ndugu zetu wenye kibali cha ukaazi Ujerumani, Sweden au Uholanzi hawahitaji viza nyingine kwa ziara fupi, ila wabebe pasipoti pamoja na kibali. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi kwa pasipoti ya nyumbani anahitaji viza ya Schengen, na aombe mapema.

Tengeni muda wa saa mbili nzima, nusu saa yake iwe juu. Mwenye siku ya ziada apite Kaunas, kwenye Makumbusho ya Vita ya Vytautas Mkuu, yaliyoanzishwa mwaka 1921. Humo yamehifadhiwa mabaki ya ndege Lituanica, iliyoanguka mwaka 1933 baada ya kuvuka Atlantiki. Na anayetaka kuiona R-12 nzima imesimama, safari yake ni ndefu zaidi: moja imewekwa Havana, Cuba, kwenye eneo la ngome ya La Cabaña. Simameni chini yake mkiwa na vipimo vya shimo la Plokštinė kwenye daftari, na mtaweza kukadiria ni nafasi kiasi gani moto ule uliachiwa.

Sasa nakaribisha maswali.